Kosec Asiyekata Majani

Kwetu, karibu na ziwa la Cerknica, neno kosec (tunalitamka kosets) lina maana mbili. Ya kwanza ni mkata majani, yule mwanamume wa mundu wenye mpini mrefu anayeitwa kiangazi kukata majani ya kulishia ng'ombe. Ya pili ni ndege mdogo wa kahawia anayejificha majanini. Alipewa jina hilo kwa sababu sauti yake ni ya mtu anayenoa mundu. Mimi niliyesoma chuo nilimwita kosec siku zote. Kijijini kwa shangazi yangu Rozalija wazee walimwita Mkwaruzaji, basi, na hilo sikulijua. Shangazi amekubali nizichape barua hizi kwa sharti kwamba nisirekebishe zake hata nukta. Nilipoomba nirekebishe zangu, alikataa pia.
Gašper

Zavrh, 21 Machi 1999

Mwanangu Gašper,

Barua hii ikukute umekula. Mimi ni mzima, goti tu ndilo halina adabu. Jirani Pepca anakusalimu, nyonga yake mpya imekaa vizuri na sasa anatembea kuliko zamani, kwa hiyo kijijini hakuna siri tena. Padri wetu alituhubiria tuache sigara Kwaresima nzima, na jana nimemkuta nyuma ya ghala akivuta. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo shangazi, ndiyo shangazi" halafu inakatika. Barua haikatiki.

Juni wanakuja watu wa mashindano ya kijiji nadhifu. Mwaka jana tulikuwa wa pili nyuma ya watu wa Podlipa, ambao wamejaza bustani zao vizee vya plastiki vyenye kofia nyekundu. Mwaka huu tumepaka rangi kituo cha basi na Pepca amefua mapazia ya kituo cha zimamoto. Kilichobaki ni uwanda wako wa majani.

Tangu baba yako atutoke, ni mume wangu Lojze aliyeukata kila kiangazi, na mimi nikimwona kwa dirisha la jikoni huku namenya viazi. Mwaka jana mkato wa pili hakuuwahi, unajua mwenyewe. Sasa nikichungulia naona majani makavu yamelala hovyo kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Uwanda usiokatwa unawaambia wapita njia kwamba nyumba hii haina mtu.

Hribar wa kiwanda cha mbao alikuja juzi akaupima uwanda wako kwa kamba ndefu. Anasema panafaa vijumba vya wageni wa wikiendi. Sikumuuliza kitu. Na wewe sikuulizi kama unauza, maana mali ni yako.

Shangazi yako,
Rozalija

Ljubljana, 18 Aprili 1999

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima, ila lifti imeharibika na mimi nakaa juu kabisa. Pole na goti. Mwambie Pepca hongera ya nyonga.

Kazi imenibana. Profesa wangu na mimi tunafanya utafiti: tunataka kujua kama yale mtu anayoamini kuhusu mazingira ndiyo yanayomfanya apende mandhari fulani. Anayeamini viumbe vina haki zao hata kama havitufai kitu, je, anapenda pori na vichaka? Na anayeamini ardhi ipo ili imlishe binadamu, je, anapenda mashamba yaliyonyooshwa? Nakutumia picha. Kila moja uipe alama, sifuri mpaka tano, kwa jinsi unavyoiona nzuri. Nyuma kuna sentensi chache, useme unakubali au unakataa. Tafadhali jibu kwa moyo wako, hakuna jibu baya.

Kuhusu uwanda, usihangaike na usimruhusu mtu aukate. Mwaka huu kosec anakuja! Wenzangu walimwona upande wa pili wa bonde mwaka jana na wana hakika atahamia kwetu. Anafika Mei. Msimu wa baridi anakaa Afrika, huko Tanzania na Zambia, na anasafiri njia yote hiyo kwa ajili ya majani kama yetu. Mwachie uwanda wote mpaka Agosti. Yeye anajua la kufanya.

Kwa mapenzi,
Gašper

Zavrh, 25 Aprili 1999

Mwanangu Gašper,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaenda kumsomea Pepca. Tuko wazima wote. Padri kanunua pipi za kuachia sigara, anakula pipi na anavuta.

Kwanza picha. Ya pili, nyumba na nyasi fupi: nne, ningeipa tano lakini mama mwenye nyumba hajaanua nguo na mvua inakuja, angalia mawingu. Ya saba, ile ya vichaka, miiba na mti ulioanguka: sifuri. Nani kauacha huo mti pale? Hana watoto? Ya nne ni uwanda wetu, mnadhani mimi kipofu? Umekatwa, majani yamepangwa kwenye uchanja wa kukaushia, na ile kofia pembeni ni ya Lojze. Tano. Kama mngeruhusu ningeweka kumi.

Kwenye sentensi mmeniuliza kama kila kiumbe kina haki ya kuishi hata kama hakina faida kwa binadamu. Inategemea. Hribar naye anahesabiwa?

Sasa jambo lenyewe. Mungu akubariki kwa kututafutia kosec. Sikutegemea, nilidhani umetusahau. Na kutoka mbali hivyo! Hapa jirani Franc anaumwa mgongo na vijana wana mashine zinazoachia mistari kama kinyozi mlevi. Mtu anayevuka bahari kwa ajili ya majani, huyo anaipenda kazi. Nimefungua chumba cha juu, nimeanika godoro, nimeweka shuka za harusi yangu. Niambie: anaongea lugha gani? Ni Mkatoliki au Mwislamu, ili nijue la kufanya na soseji? Anakula nini hasa? Agosti naona mbali lakini labda ana utaratibu wake. Nimeshawaambia watu wote, na Hribar nimemwambia mara mbili.

Rozalija

Ljubljana, 20 Mei 1999

Shangazi mpendwa,

Haraka haraka, kuna gari linanisubiri, tunakwenda kupiga picha mabonde mengine. Hujambo? Lifti bado.

Maswali yako yamenichekesha mpaka jirani kagonga ukuta. Dini yake kwa kweli sijawahi kuchunguza. Anakula konokono, panzi na minyoo, na vyote anajitafutia mwenyewe, kwa hiyo usipike. Nyumba haipendi, analala majanini. Ana aibu mno, usimsogelee, ukimsogelea atakimbia na hatutamwona tena.

Asante kwa picha. Usikasirike, lakini kwa majibu yako kompyuta imekuweka kwenye kundi la watu wanaoyatazama mazingira kwa faida ya binadamu tu.

Gašper

Zavrh, 3 Juni 1999

Gašper,

Tunakusalimu sisi tunaotazama kwa faida tu. Pepca kasema na yeye umwandike kundi hilo hilo, asiachwe peke yake.

Kosec wako kafika. Sijamwona ila nimemsikia. Alianza Jumanne jua lilipozama: krek-krek, krek-krek, ananoa mundu katikati ya uwanda. Nikafurahi, nikafungua dirisha. Nikasema mtu huyu atakata alfajiri umande ukiwapo, kama Lojze. Asubuhi natazama, hakuna jani lililoguswa. Usiku wa pili, krek-krek mpaka kunakucha. Hakuna jani. Sasa ni wiki na zaidi. Gašper, mundu gani huo? Kwa kunoa huko ungekuwa umebaki sindano.

Kuhusu konokono sikusema kitu, Wafaransa nao wanakula na hakuna anayewasema. Lakini sikubali mgeni wangu alale nje na minyoo tumboni. Nikaacha sufuria la supu ya shayiri ukingoni mwa uwanda, bila nyama ya nguruwe, kwa tahadhari. Asubuhi lilikuwa tupu, limelambwa, limepinduliwa. Basi kwenye kula yupo.

Jioni watu wanakuja kusimama kwenye ua wangu kumsikiliza. Franc anasema ni mtindo wa huko kwao, wananoa kwanza mwezi mzima. Hribar anacheka tu, anasema uwanda huu hautakatwa tena na mtu yeyote, na anacheka kama mtu anayejua kitu. Watu wa mashindano wanakuja tarehe kumi na tisa. Mwambie huyo bwana aanze.

Rozalija

Ljubljana, 12 Juni 1999

Shangazi mpendwa!

Umemsikia! Nimemsomea profesa barua yako, kaniambia nikubusu mkono. Sufuria nadhani ni mbwa wa Pepca.

Usikate tamaa na kelele zake. Anapiga kelele usiku kwa sababu anatafuta mke. Akimpata atanyamaza kidogo, halafu ataanza tena kutafuta wa pili, hao ndio walivyo. Tukibahatika mwezi ujao utakuwa na watoto wake kumi humo majanini, na Agosti kumi wengine kwa mama mwingine. Kulea hasaidii, mama anabeba mzigo peke yake. Fikiria, shangazi, uwanda wetu umejaa watoto wa kosec! Ndiyo sababu hatukati mpaka waweze kukimbia wenyewe.

Wako mwenye furaha,
Gašper

Zavrh, 16 Juni 1999

Gašper,

Salamu utazipata nikitulia.

Hapa kijijini mwanamke asiye na mume ni Marička wa posta, ana miaka sitini na moja, na mimi mjane. Nimempelekea padri barua yako. Kaisoma mara tatu, kaniomba kiberiti.

Nimemfungulia mtu huyo chumba. Nimemwekea shuka za harusi yangu. Kesho nakwenda mwenyewe uwandani kumweleza kwamba hapa kuna kanisa, kuna ofisi ya ndoa, na kuna majani ya kukata.

Rozalija

Zavrh, 21 Juni 1999

Mwanangu Gašper,

Kaa chini kabla hujasoma. Mimi mzima, ila goti limevimba na utaona kwa nini.

Nilikwenda na Pepca. Yeye alishika mwavuli, mimi birika la kahawa, maana hata mtu mkosaji huwezi kumwendea mikono mitupu. Ile krek-krek ilikuwa mbele yetu, karibu kabisa. Nikasema kwa sauti, "Bwana, nimekuja tuongee kama watu wazima." Krek-krek ikakoma. Nikasema, "Sikuchukii, nataka kujua tu unakata au hukati." Majani yakatikisika, akatoka. Kakipande ka ndege, kembamba, kichwa juu, kakapita katikati ya miguu yangu kama mtu aliyechelewa basi. Mimi chini, birika chini, Pepca kasimama anapiga ishara ya msalaba kwa mwavuli.

Mkwaruzaji! Gašper, si ungesema Mkwaruzaji? Tangu niko mtoto namjua Mkwaruzaji. Alipotea kitambo, baada ya bonde zima kuanza kukatwa mapema kwa mashine, tukasahau. Nimelala pale kwenye majani na kahawa ikiniingia mgongoni nikacheka mpaka Pepca akadhani nimepata kiharusi. Halafu nikalia kidogo. Lojze angecheka sana, na mtu wa kucheka naye hivyo sina.

Watu kijijini sijawaambia. Wakiuliza nasema kosec yuko kazini.

Juzi walikuja wale wa mashindano. Bibi mmoja mwenye kalamu shingoni akasimama dirishani kwangu, akauliza kwa nini mahali pazuri hivi pameachwa pori. Mimi nilikuwa na maneno yote tayari: samahani, mume wangu alifariki, mpwa yuko mjini. Nikafungua mdomo nikasikia nasema, "Hapajaachwa. Kuna mtu anaishi humo." Wakaandika. Podlipa wamepata ya kwanza tena, na vizee vyao vya plastiki. Sisi tumekuwa wa sita. Pepca haongei na mimi, yaani anaongea ila anatazama pembeni.

Picha ya saba nimeifikiria. Niandikie mbili. Si kwamba imekuwa nzuri, ule mti bado ni aibu. Lakini siku hizi nikiitazama najiuliza nani yumo.

Hribar kasema mbele ya watu kwamba mmeshakubaliana na vuli analeta tingatinga. Mimi sikuulizi. Ila kosec angependa kujua.

Rozalija

Ljubljana, 10 Julai 1999

Shangazi yangu,

Goti linaendeleaje? Nimenunua dawa ya kuchua, imo ndani ya kifurushi, usimpe Pepca yote. Nisamehe kwa chumba, kwa shuka, kwa padri, kwa kahawa, kwa nafasi ya sita. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana, ndiyo maana imechelewa. Lifti imetengenezwa.

Sikumwambia Hribar ndiyo. Wala sikumwambia hapana. Alinipigia simu mwezi wa pili, nikasema "ndiyo ndiyo" kama ninavyokujibu wewe, halafu nikakata. Nilidhani nikinyamaza jambo litajimaliza lenyewe. Lojze hayupo. Mimi mundu sijawahi kuushika. Nikajiambia uwanda ukiachwa utakuwa pori, na pori ndilo ninalolitetea kila siku kwenye makaratasi, kwa hiyo vyema. Wiki iliyopita wenzangu wanaochunguza ndege wameniambia ukweli: ukiachwa miaka michache bila kukatwa, vichaka vitaingia, na kosec ataondoka. Anataka majani marefu mpaka Agosti, halafu anataka mtu ayakate. Kosec hawezi kuishi bila kosec.

Kuna kingine. Profesa alitutaka na sisi tujaze picha zetu wenyewe. Kwenye sentensi nilikubali kila haki ya kila kiumbe. Kwenye picha, zile za pori nilizipa mbili mbili, na picha ya nne nikaipa tano. Sikuwa hata nimeiona ile kofia mpaka uliponiandikia. Profesa kacheka, kaniondoa kwenye hesabu, anasema majibu yangu hayalingani na mtu yeyote. Nikamwambia shangazi yangu kabadilisha alama ya picha ya saba. Akasema basi na yeye aondolewe. Kwa hiyo tuko kundi moja, wewe na mimi, nje ya utafiti.

Leo asubuhi nimempigia Hribar. Nimesema hapana, na safari hii sikukata mpaka alipokata yeye. Uwanda hauuzwi.

Sasa natafuta mtu wa kukata Agosti. Ukimsikia yeyote mwenye mundu, niandikie.

Gašper

Zavrh, 18 Julai 1999

Mwanangu Gašper,

Dawa imefika, Pepca kapaka nusu. Ameanza kunitazama usoni tena, maana Marička wa posta kamwambia vizee vya Podlipa vimeibwa vyote. Hatujui ni nani. Padri kaacha sigara na amekuwa mkali mno, tunamwomba arudie.

Barua yako nimeisoma jikoni, halafu nikamenya viazi vingi kuliko ninavyokula. Sina la zaidi la kusema juu ya hilo, ningesema ningelia na karatasi ni moja.

Mwenyeji wetu amenyamaza. Jana nimemwona mke wake akivuka kijia na watoto weusi tititi nyuma yake. Nilijaribu kuwahesabu, hawatulii. Tarehe tano Agosti watakuwa wanakimbia vya kutosha.

Unatafuta mtu mwenye mundu. Mundu uko ghalani, umening'inia pale pale alipoutundika. Nimeupaka mafuta. Mpini Lojze aliukata kwa urefu wake, na wewe na Lojze mlikuwa mnavaa koti moja. Franc ana mgongo lakini mdomo wake mzima, atasimama ukingoni akufundishe na kukutukana. Utaanza katikati ya uwanda utoke nje, ili wao wakimbilie pembeni. Siku ya kwanza utakata vibaya, mimi nitakuwa dirishani, na nitasema.

Kijijini wameuliza tena kosec wangu yuko wapi. Nimewajibu anafika Agosti kwa basi la saa nne kutoka Ljubljana. Wamecheka mpaka wameshika mbavu. Hribar hakucheka.

Kwa hiyo usiniaibishe mara ya pili. Shuka ni zile zile, hakuna aliyezilalia. Unachokula sikuulizi, utakula nitakachopika.

Shangazi yako,
Rozalija